Vigae Vyeupe vya Bafuni

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeanza leo, na daftari hili nimelianza nalo. Lilikuwa la kuandikia vipimo vya wateja, lakini mvua ikinyesha hakuna anayekuja kwa fundi cherehani kupimwa kiuno, kwa hiyo kurasa zilizobaki nimejipa mwenyewe. Nina ya moyoni, na nikiyatoa kwa mdomo nyumba hii itawaka moto.

Mama mkwe wangu alikuwa akizungumza na wifi kwenye simu. Mama alifanya kazi ya udobi hospitalini miaka thelathini, katikati ya mashine zinazonguruma, na hadi leo hajui kunong'ona. Mimi niko barazani na cherehani yangu, yeye yuko chumbani kwake na mlango umefungwa, na kila neno nililipata.

"Nyumba imenishinda, mwanangu. Tangu mgeni aingie humu, ukuta wa bafu umegeuka manjano. Kila Jumamosi nasugua. Wapi!"

Mgeni ni mimi. Mwaka wa tatu huu naishi hapa. Nina miaka arobaini na saba, mume wangu amenizidi minne, tumeoana kila mmoja na mvi zake, na bado naitwa mgeni. Mgeni, lete ndoo. Mgeni ameunguza sufuria. Jina langu sidhani kama amewahi kulitamka.

Wifi ni mwalimu mkuu wa shule, anakaa mji mwingine, na amezoea kutoa amri. Simu ilikuwa kwenye spika, nikamsikia naye: "Basi mama, mvua zikikatika nakuja kukuchukua. Huwezi kuzeekea kwenye uchafu."

Kwenye uchafu! Nyumba ninayoifagia mara mbili kwa siku! Damu ilinichemka hadi nikashona mfuko wa suruali ukafunga mdomo wake.

Sasa naapa hapa, chini ya vipimo vya suruali hiyohiyo. Mama akitaka kwenda, na aende, mizigo nitamfungia mimi. Lakini hataondoka na jina langu mdomoni. Kabla wifi hajavuka kizingiti kile, ukuta wa bafu utakuwa mweupe, na atakayekuwa ameusafisha ni mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemkagua adui. Vigae vyeupe kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa changu. Umanjano umekolea chini na kuzunguka bomba la kuogea, unafifia kadiri unavyopanda, na kwenye usawa wa mabega unakoma. Nyuma ya mlango, pembe isiyorushiwa maji, vigae ni vyeupe kabisa. Nimeviangalia kwa wivu.

Jumatano, 6 Machi

Sabuni ya unga na sponji. Hakuna kitu.

Alhamisi, 7 Machi

Sabuni ya unga na wembe. Nimekata kidole.

Ijumaa, 8 Machi

Dawa ya meno. Mume wangu amenikuta nimechuchumaa nasugua ukuta kwa mswaki wa zamani. Amesimama mlangoni na taulo begani.

"Mke wangu," akasema, "ukimaliza meno ya juu niite, nataka kuoga."

Ni fundi wa redio. Anadhani kila kitu kikiharibika huchekwa kwanza, halafu hufunguliwa.

Jumamosi, 9 Machi

Jumamosi ni siku ya mama. Baada ya chai anajifunga kanga kiunoni, anachukua chupa ya klorini, anatungua brashi yake kwenye msumari wa juu. Brashi hiyo alikuja nayo kutoka hospitalini alipostaafu. Ina uzi mwekundu kwenye mpini, na hakuna anayeigusa. Mwezi wangu wa kwanza hapa niliitungua nisafishie ndoo, akanipokonya mkononi mbele ya jirani.

Anafunga mlango. Kisha unaanza mlio wake, kwaru, kwaru, kwaru, saa nzima, nami nashona kwa kuufuata bila kutaka. Akitoka macho yamemvimba kwa harufu, vidole vimekunjamana, na ukuta uko vilevile. Leo niliingia nyuma yake nikaangalia vizuri. Naona kama umezidi.

Alinikazia tu jicho.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua siku tano mfululizo. Paa letu linamwaga maji kwenye pipa la nyuma hadi linafurika, na uani ni matope matupu. Kazi yangu leo ilikuwa moja, kupunguza kaptula. Nimechokonoa birika pia, limeota ganda la kahawia ndani.

Jumapili, 17 Machi

Mgeni wa mume wangu alikuja, fundi mwenzake. Kama kawaida, kabla hajaketi vizuri alipewa glasi ya maji. "Onja kwanza. Kisima changu mwenyewe." Halafu akapelekwa uani kwenye mvua kuonyeshwa pampu. Mume wangu alichimbisha kisima hiki wiki ile ya harusi yetu. Kabla ya hapo nyumba ilitegemea maji ya mjini, leo yapo kesho hayapo, na yeye akasema mke wake hatabeba ndoo. Nilipenda sana. Bado napenda, ila tangu siku hiyo moyoni namwita Bwana Kisima, maana hajawahi kunisifu mimi kama anavyoisifu ile pampu.

Jumatano, 20 Machi

Muuza mboga ameniambia siri ya ukuta ni siki. "Unanyunyizia, unaacha, unarudi baadaye na sponji. Utanikumbuka." Nimenunua chupa tatu na kuzificha chini ya vitambaa, kama mlevi.

Jumamosi, 23 Machi

Nitaandika yote, kwa sababu nisipoandika nitakuja kujidanganya siku moja.

Asubuhi mama alitoka kwenda kumjulia hali mgonjwa mtaa wa pili. Nikasema hii ndiyo nafasi. Leo asugue yeye, lakini kazi iwe imeshafanywa na siki yangu, na ukuta ukitakata nitamwambia. Niliumwagia ukuta wote chupa zote tatu, hadi ukawa unachuruzika. Sakafu nayo. Kisha nikarudi barazani kwenye cherehani, meno nje.

Mama alirudi amelowa. Alikunywa chai, akajifunga kanga, akatungua brashi. Mvua ilikuwa inapiga upande wa bafu, kwa hiyo nilisikia akifunga dirisha. Kisha komeo. Kisha kwaru, kwaru.

Sikuwaza kitu. Huo ndio ukweli. Niliwaza ushindi wangu tu.

Kilichonishtua ni ukimya. Brashi ilinyamaza kabla ya wakati wake. Nimeisikiliza miaka mitatu, najua inavyopumzika na inavyorudi, na haikurudi. Halafu nikasikia kikohozi kisicho cha kawaida, cha mtu anayetafuta hewa na haioni.

"Mama?"

Kikohozi.

"Mama, fungua mlango!"

Kitu kikaanguka. Nilikimbia na mkasi wangu wa kukatia vitambaa, nikauingiza kwenye upenyo wa mlango, nikalinyanyua komeo. Harufu iliyonipokea ilinichoma macho na koo kwa pamoja. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mkono kifuani, brashi bado ameishika. Nilibana pumzi, nikamshika makwapani, nikamburuta hadi barazani, nikamkalisha kwenye upepo na mvua. Mimi mwenyewe nilikuwa natapika. Nilimwita jirani mwenye gari kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Zahanati walimwekea hewa ya mtungi. Mganga, kijana mwenye miwani, alituangalia mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa ameshafika, amelowa, na bisibisi bado mfukoni.

"Hii ni klorini imekutana na kitu kikali, siki au ndimu," mganga akasema. "Inatoa hewa ya sumu. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Nani amechanganya?"

Nilifungua mdomo. Mama akaninyanyulia kiganja.

"Mimi," akasema, sauti kama karatasi inayochanwa. "Nimechanganya mwenyewe. Uzee."

Mume wangu akamshika mkono akaanza kumlaumu taratibu. Mimi nilibaki nimesimama pale na siri yangu, nikatamani sakafu inimeze.

Jumapili, 24 Machi

Amerudi nyumbani. Analala. Wifi amepiga simu mara nne. "Barabara ikipitika tu, siku hiyohiyo naja. Mama hakai hapo tena." Sasa amepata sababu, na sababu nimempa mimi.

Jumatatu, 25 Machi

Nilimpelekea uji chumbani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikasema kabla ujasiri haujaniponyoka.

"Mama, ile siki ilikuwa yangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Nina pua. Miaka thelathini nimenusa mashuka ya kila ugonjwa, nitashindwa kunusa siki? Nilipofungua mlango niliinusa. Nikasema, ngoja nioneshe nani mjuzi. Nikamwaga klorini mara mbili ya kawaida na dirisha nikafunga. Sikujua tu kama vikikutana vinaua."

"Sasa kwa nini hukusema pale?"

Alikunywa uji kwanza, vijiko viwili vitatu. "Ningesema, mwanangu angekutazama kwa jicho gani? Na ungemjibu nini? Wawili tulitaka kushindana, na wawili tumeshindwa. Uji huu hauna sukari."

Nilienda kutia sukari. Nililia jikoni, na sikuona haya.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Mama anatoka barazani sasa, amekaa kwenye kiti karibu na cherehani. Amekosoa pindo, vifungo, na namna ninavyokalia kiti.

Jumanne, 2 Aprili

Amenisimulia siku mashine ya hospitali ilipopasuka, wakafua mashuka ya wodi nzima kwa mikono, wanawake sita, wanaimba. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Nimecheka hadi uzi umekatika. Kumbe mtu huyu anachekesha, na miaka mitatu sikujua, nilikuwa na kazi ya kumsikiliza kama anayesikiliza kesi yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Jumamosi ya pili bila mlio wa brashi. Nyumba imepwaya.

Jumatano, 10 Aprili

Wifi kapiga. Redio imesema mvua zitapungua mwezi wa tano. Atakuja Jumamosi ya tarehe kumi na moja, na sanduku kubwa. Mama alijibu "sawa" na akakata simu, na jioni hakukosoa kitu chochote. Nimegundua kuwa sitaki aende. Nimesoma kiapo changu cha ukurasa wa kwanza, pale niliposema mizigo nitamfungia mimi. Nimekikata kwa mstari mmoja.

Jumanne, 16 Aprili

Leo, leo, leo! Lakini niende taratibu.

Mfamasia wa barabara kuu aliniletea koti lake jeupe la kazini nimpunguzie mikono. Jana nililibana kwa pini nikaliacha, na hewa hii ya unyevu ikafanya yake. Asubuhi nimekuta kwenye kola, mahali ilipokaa pini, doa la kutu ukubwa wa ukucha. Koti la mtu! Na kesho anakuja kulichukua. Nilikimbilia chupa ya klorini iliyobaki juu ya kabati.

"Wewe!" Mama alipiga ukelele kutoka kitini kwake, ule wa kushinda mashine. "Unataka kuiua nguo ya watu? Weka chini hiyo!"

"Mama, ni doa tu..."

"Ni kutu hiyo! Kutu haitiwi klorini! Ukiitia klorini inaganda, inazidi kukolea, haitoki tena hadi kiama. Msichana aliyefanya hivyo kwetu alihamishiwa jikoni siku ileile. Lete ndimu. Na chumvi. Na chemsha maji."

Nilileta. Akakamua ndimu juu ya doa, akanyunyiza chumvi, akalishika koti juu ya mvuke wa birika. Mbele ya macho yangu lile doa likageuka jekundu, likawa la manjano, manjano ileile ninayoijua kama uso wangu, likafifia, likapotea. Akalisuuza. Kola nyeupe, kama vile pini haijawahi kuzaliwa.

"Ndiyo udobi huo," mama akasema na kurudi kitini kwake.

Mimi nilikuwa nimebaki nimelishika birika. Nilichungulia ndani. Ganda la kahawia. Nikalikwangua kwa ukucha, nikaweka ulimini. Ladha ya msumari.

Maji ya kisima! Yana chuma. Yanaacha kutu kwenye birika, na yanaacha kutu kwenye kila kigae yanachokirukia, ndiyo maana umanjano unakoma mabegani na nyuma ya mlango haupo. Na kila Jumamosi, miaka mitatu, dobi huyu hodari asiyetia klorini kwenye kutu ya kola ameimwaga chupa kwa chupa kwenye kutu ya ukuta. Kwenye nguo angejua kwa kutupa jicho tu. Ukutani hakufikiria, kwa sababu ukuta si nguo, na kwa sababu alishaamua uchafu ule ni wangu.

Nimeandika hayo na nimeweka kalamu chini. Ninalo sasa neno moja la kumlipa kwa kila "mgeni" nililoitwa. Nikimwambia tu, "Mama, umeufanya wewe," ushindi ni wangu wote. Mwezi uliopita ningelisema kabla birika halijapoa.

Jumatano, 17 Aprili

Sikulisema. Nimezunguka nalo nyumba nzima.

Alhamisi, 18 Aprili

Kuna kigae kimoja kilicholegea chini ya bomba, cha manjano kuliko vyote. Nimekibandua kwa kisu, nikakifunga kwenye kitambaa cheupe, nikampelekea mama barazani na kumwekea mapajani kama nguo ya mteja.

"Mama, nina doa limenishinda. Wewe kama dobi ungesemaje?"

Aliniangalia, akakiangalia. Akakiinua kwenye mwanga. Akakikwaruza, akakinusa. Halafu, kama mimi juzi, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

Mvua ilikuwa nyembamba na niliweza kusikia matone ya paa yakiingia kwenye pipa.

"Chuma," akasema.

Nilikaa chini karibu yake.

"Kisima hiki kilichimbwa lini?"

"Wiki ya harusi, mama."

"Wiki uliyoingia wewe." Akakigeuza kigae, akakigeuza tena. "Na mimi nimekuwa naitia klorini. Miaka mitatu. Ukuta huu nimeupaka rangi mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi, halafu nikakusingizia wewe." Akaniangalia usoni. "Ulijua?"

"Tangu juzi."

"Na ukaja na kigae badala ya mdomo."

Akanyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakutoka kula. Nilijuta, nikadhani nimemvunja.

Ijumaa, 19 Aprili

Saa moja asubuhi mlango ulifunguliwa. Mama katoka amejifunga kanga kiunoni, kitambaa kichwani, mikono imekunjwa.

"Mgeni, wifi yako anakuja lini?"

"Tarehe kumi na moja."

"Basi tuna wiki tatu. Kwanza, klorini yote itoke nje ya nyumba hii. Pili, ukuta tuuoshe kwa maji matupu siku tatu, dirisha wazi, isibaki hata harufu. Sitaki kwenda kulala na mtungi tena. Umesimama nini?"

Mume wangu aliitoa chupa mwenyewe, akiibeba mbali na mwili kama nyoka.

Jumatatu, 22 Aprili

Kuosha, kuosha, kuosha. Kwa maji ya pipa. Mama amekataza bomba. "Tusafishe kutu kwa maji ya kutu?" Mvua niliyoilaani mwezi mzima sasa naiombea isikatike.

Jumanne, 23 Aprili

Ndimu za ukuta mzima tungemaliza soko. Mfamasia, aliyelifurahia koti lake, ametupa suluhisho. Anauza unga wa ndimu, ule mweupe wa kutia kwenye sharubati. Mfuko mkubwa nimeubeba kichwani kwenye mvua, nimeufunika kwa plastiki. Tatizo ni kwamba maji yake yanateremka ukutani kabla hayajafanya kazi. Mama kashika tama jioni nzima.

Jumatano, 24 Aprili

Nimepata! Kapu langu la vipande. Fundi cherehani hatupi kitu, nina mabaki meupe ya miaka mitatu. Tumeyalowesha kwenye maji ya unga wa ndimu na kuyabandika ukutani, kipande kando ya kipande, kama mgonjwa aliyefungwa bendeji mwili mzima. Kila mmoja na glavu, dirisha wazi, mlango wazi.

"Muda gani, mama?"

"Muda wa taarifa ya habari na hali ya hewa. Ukizidisha, ndimu itakula saruji ya katikati."

Mume wangu akatuletea redio. Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, mimi na mama mkwe wangu, tukasikiliza habari za dunia tukitazama ukuta uliovaa matambara. Msomaji alipofika kwenye hali ya hewa, mama alisema, "Bandua." Nikashika ncha ya kipande cha kwanza, nikavuta.

Kigae cheupe! Cheupe cha maziwa! Umanjano ulikuwa umehamia kwenye kitambaa, na kilichobaki kilitoka kwa brashi kidogo tu. Nilipiga kigelegele. Mama akanifokea kwamba bafuni hapapigwi vigelegele, kisha akapiga cha kwake, kirefu kuliko changu, na mume wangu akaja mbio akidhani mtu ameanguka tena.

Alhamisi, 25 Aprili

Safu mbili.

Ijumaa, 26 Aprili

Safu mbili na nusu. Mgongo unaniuma vizuri.

Jumatatu, 29 Aprili

Mama alichoka akakaa. Nilinyoosha mkono nichukue sponji yangu, yeye akaninyooshea brashi. Ile yenye uzi mwekundu. "Hiyo sponji haina meno," akasema, akaangalia pembeni. Niliipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa, 3 Mei

Kigae cha mwisho saa nane na dakika kumi mchana. Niliandika saa kwa makusudi. Kile nilichokibandua tumekirudisha mahali pake kwa saruji.

Jumanne, 7 Mei

Kazi ya kumweleza Bwana Kisima tuliigawana. Mama alizungumza, mimi nilimshika bega. Alisikiliza, akaenda uani, akasimama mbele ya pampu yake kwa heshima. Akarudi na futi ya kupimia. Mfereji wa paa ataupeleka kwenye tangi kubwa, maji ya mvua yawe ya kuogea, na kisima kinyweshee maua hadi apate chujio la chuma. Kufikia jioni alikuwa anamsimulia jirani kuhusu tangi.

Jumamosi, 11 Mei

Jua limetoka. Wifi kafika saa nne na sanduku kubwa, tupu, nikalisikia likigonga ngazi. Alinisalimu kwa ncha za vidole.

"Mama, umejiandaa?"

"Kwanza nifuate," mama akasema.

Akampeleka bafuni. Mimi nilibaki ukumbini. Sikusikia kitu. Wifi alipotoka alikuwa amevua miwani anaifuta.

"Mmeweka vigae vipya?"

"Vilevile. Njoo barazani."

Mezani mama alikuwa ameandaa mabeseni mawili, la maji ya kisima na la maji ya mvua. Akatoa kichupa cha klorini alichokiomba kwa jirani, akatia kifuniko kimoja kila beseni. La mvua likabaki jeupe. La kisima likaanza kugeuka taratibu, hadi likawa kama chai ya rangi. Akachovya kipande cha kitambaa changu cheupe, akakiinua mbele ya uso wa binti yake, manjano inachuruzika.

"Unaona? Ni kisima, na klorini, na mikono yangu mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nachafua. Huyu hapa alikuwa anafagia mara mbili kwa siku, na nikakwambia kwenye simu ni yeye. Nilisema kwa simu, nafuta kwa mdomo, na mbele yake. Na siku ile ningekufia mle ndani, yeye ndiye aliyefungua mlango kwa mkasi akanitoa."

Nilitaka kusema habari za siki. Mama akaninyanyulia kiganja, kilekile cha zahanati.

Wifi alikishika kitambaa, akakigeuza. Sijawahi kuona mwalimu mkuu akisahihishwa, na sitajifanya sikufurahia. Kisha akaja akanikumbatia, si kwa ncha za vidole.

"Na sanduku?" akauliza.

"Lijaze unga wa ndimu urudi nalo," mama akasema. "Mabafu ya bweni lako nimeyaona kwenye picha. Mimi siendi popote. Nina kazi hapa."

Tulikula, tukacheka, mume wangu akamwonyesha dada yake tangi. Jioni wifi alitaka kuoga. Akasimama mlangoni mwa bafu.

"Mama, taulo safi ziko wapi?"

"Mimi najuaje?" mama akajibu kutoka kitini. "Muulize mwenye nyumba."

Niligeuka kumtafuta mume wangu. Alikuwa uani, anapima kina cha tangi. Nilipogeuka tena mama alikuwa ananitazama mimi.

"Wewe nakwambia. Mpe wifi yako taulo."

Nikaenda kabatini. Nilimpa nyeupe.